Picha imekunjamana, kosa ni linsidi?

Kijana wa Kondele: Wakubwa, habari zenu. Nachora kwa rangi za mafuta, na linsidi ninayochanganya, yaani mafuta ya mbegu za kitani, ni ya hadiwea, mkebe umeandikwa eti imechemshwa. Kwenye kijani cha magugumaji nilitia mafuta nusu kwa nusu na rangi. Wiki ya nne sasa, juu pamekunjamana kama utando wa maziwa, ukibonyeza chini bado ni uji. Nipake tabaka jingine? Na mafuta ya taa yanaweza kushika nafasi ya tapentaini ya kuzimulia rangi? Bei imenishinda.

Fundi Brashi, Nakuru: Usipake kitu hapo juu. Linsidi hiyo ni ya mbao, imetiwa vikaushio vya madini kama kobalti au manganizi. Linsidi haikauki kwa kuvukizwa kama maji. Hunyonya oksijeni ikageuka ngozi. Ukiimwaga nyingi, uso hushika mapema na kutanuka huku chini bado kuna majimaji, ndiyo mikunjo hiyo. Kwangua kwa kisu cha rangi hadi palipo imara, halafu tafuta linsidi iliyosafishwa ya wachoraji. Tabaka la kwanza, rangi na tone la tapentaini. La pili, tapentaini vijiko 2 kwa mafuta 1. La mwisho, 1 kwa 1. Mchanganyiko huo wa tapentaini na mafuta usizidi moja ya tano ya rangi. Ukianza na mafuta mengi chini, tabaka la juu litatangulia kukauka, kisha lipasuke.

Mama Turubai: Hilo tone liwe tone kweli, fundi. Tapentaini ikizidi, rangi hukosa cha kuishikilia na kufutika kwa kidole kama chaki. Mafuta ya taa ni ya kuoshea brashi tu, kisha sabuni. Ndani ya rangi huacha utelezi wa mafuta unaochelewesha kukauka. Thina usiiguse kabisa, na tapentaini fungulia madirisha mawili yanayoelekeana. Mikono safisha kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni.

Tena, mbona hakuna aliyetaja matambara ya kupangusia brashi? Yaliyolowa linsidi yakirundikwa hupata joto yenyewe mpaka yawake, bila kiberiti, na chini ya mabati ya Kisumu ni haraka zaidi. Yaanike nje moja moja, au yazamishe kwenye mkebe wa chuma wenye maji na kifuniko.

Kijana wa Kondele: Asante mama. Yangu yako kwenye gunia nyuma ya mlango, naenda kuyatoa sasa hivi.