Nimeombwa sauti yangu iwekwe kwenye mdomo wa mtu mwingine. Mngekuwa mimi mngekubali?

Binti_Buguruni

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi siku ya nne leo.

Mimi ni mwigizaji. Nina kovu la mafuta ya moto usoni. Nilikuwa na miaka 7 karai la mihogo la mama lilipopinduka hapa hapa uani kwetu. Linaanzia chini ya jicho la kushoto, linashuka hadi kwenye taya, na pembeni ya mdomo limevuta ngozi, kwa hiyo nikicheka upande mmoja unachelewa. Sitafuti huruma, nataka tu mnione vizuri. Kwenye kikundi chetu nina miaka 6, na miaka yote hiyo nimekuwa mchawi, kichaa, mzimu, mke mkubwa mwenye roho mbaya. Sijawahi kuigiza mtu anayependwa. Mwenzetu akiumwa naitwa nishike nafasi yake mazoezini, maana maneno ya wote nayajua, halafu siku ya onyesho narudi kwenye kaniki yangu.

Wiki iliyopita mwongozaji mmoja wa tamthilia aliniita studio, Sinza. Chumba kidogo, ukutani wamebandika trei za mayai. Mhusika wake mkuu ni dada mzuri kweli kweli, mwenye wafuasi wengi Insta, ila sauti haibebi. Akaniwekea kipande anachomlilia mama yake, akaninong'oneza, "Lia wewe." Nikalia. Kisha akarudisha picha na sauti pamoja. Wakuu, yule dada alifungua mdomo nikatoka mimi. Ile kwikwi yangu ya kumeza mate kabla ya kusema "mama" ilikaa kooni kwake kama alizaliwa nayo. Chumba kizima kilinyamaza. Fundi sauti alifuta macho.

Anatoa laki nane kwa sehemu 13. Sharti lake ni moja, jina langu lisionekane popote na nisimwambie mtu.

Sasa kinachonitesa ni hiki. Mdogo wangu anapenda sana manga, zile katuni za Kijapani. Mwaka jana alinipa simu yake akasema, dada, soma hii. Inaitwa Kasane, ya Daruma Matsuura, vitabu 14, ilitoka Japani kati ya 2013 na 2018. Inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwangu mtoto wa madrasa hilo halikuwa tabu. Kasane ni binti wa mwigizaji mkubwa marehemu aliyesifika kwa uzuri, lakini yeye kazaliwa na sura inayofanya wenzake shuleni wamtese. Mama kamwachia lipstiki nyekundu. Akiipaka kisha akambusu mtu, wanabadilishana nyuso. Mara ya kwanza ni kwenye igizo la Sinderela shuleni, ambako wenzake wamempa nafasi ya Sinderela makusudi ili wamcheke. Baadaye anachukua uso wa Nina, mwigizaji mrembo mwenye maradhi ya kulala siku nyingi bila kuamka. Kwa uso huo anapanda jukwaani, watu wanamshangilia Nina.

Niliisoma usiku, simu nimeificha chini ya shuka mama asione mwanga. Sikumwonea Kasane chuki hata alipofanya mabaya, na hilo limenitisha. Ningekuwa na lipstiki ile ningeipaka.

Swali langu: pale anayepigiwa makofi ni nani? Na ile hela mngeichukua?

Kijana_wa_Ilala

Dada, uzi wako umenigusa. Nimeisoma Kasane yote, nami naomba uisome tena ukiwa upande wa Nina.

Sisi wote tunaanza na Kasane kwa sababu ndiye anayeonewa. Ila Nina naye anautaka uigizaji kwa moyo wake wote, na uzuri wote ule haumpi kipaji cha mwenzake. Anaamka anakuta jina lake limekua bila yeye. Kwangu pale ndipo hadithi inapotisha, si kwenye sura mbaya. Halafu kumbuka kinachofichuka kuhusu mama. Uzuri wa mama nao ulikuwa wa kuazima! Kasane amekua anaabudu uso ambao haukuwa wa mama yake.

Hata jina halikuokotwa. Kasane ni mwanamke wa hadithi ya zamani ya Japani, ya karne ya 17, aliyeharibika sura na kuuawa na mumewe mto Kinu, kisha mzimu wake ukarudi. Wajapani wamemwigiza kwenye kabuki, maigizo yao ya jadi, miaka mingi. Sasa ona: huko mwenye sura hiyo anarudi kama mzimu, na wewe huku unapewa mzimu. Matsuura amemchukua mzimu yule akampa hamu ya kusimama kwenye mwanga.

Kuhusu hela sina la kukuambia. Ila yule dada wa Insta, kuna aliyemuuliza?

Mama_Mekapu_Kinondoni

Mwanangu, mimi napamba maharusi mwaka wa 15 huu. Hilo kovu naweza kulifunika na kamera isilione. Nakuambia hivyo ili ujue siogopi kulificha, ni kazi yangu na naipenda.

Ila kuna jambo nataka ulisikie. Wanakuja kwangu wasichana waliojichubua kwa mkorogo. Huwa naanza na vidole kabla ya uso, kwa sababu mafundo ya vidole hayakubali, yanabaki meusi. Ngozi ya mashavuni imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, jasho likitoka inawasha, fondesheni haishiki. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na zebaki ile ni sumu ya figo, haiishii kwenye ngozi. Bado vinauzwa. Kila mmoja ana sababu yake: mchumba, kazi ya mapokezi, video. Sijawahi kumkaripia hata mmoja. Lipstiki yako ya kwenye katuni hata sisi tunayo, imo kwenye kopo.

Njoo kwangu Jumapili, bure. Nitakupaka bila kulifunika kovu, nataka uone linavyochukua mwanga.

Mzee_wa_Jukwaa

Binti, nimeongoza maigizo tangu enzi za redio ya mbao. Kazi ya sauti ni kazi ya heshima. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilipoanza Twende na Wakati, mtaani watu walimchukia Mkwaju, yule dereva wa lori, kama jirani yao, na uso wake hawakuujua. Kila mtu alimchora mwenyewe kichwani. Kwa hiyo sitakuambia sauti bila sura ni fedheha.

Tatizo ni lile sharti la kunyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake. Usikubali kwa maneno ya mdomoni. Dai maandishi, nenda nayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakusomee kabla hujaingia studio. Na jina lako lipite mwishoni, hata kwa herufi ndogo.

Kuhusu kaniki: lawama hiyo ni yetu waongozaji. Mimi mwenyewe nimewahi kumnyima binti nafasi kwa sababu ya jicho lake. Aliacha sanaa. Bado namkumbuka anavyosimama.

Binti_Buguruni

Nimerudi wakuu, ahsanteni sana. Shikamoo Mzee, shikamoo Mama.

Kijana wa Ilala, nililala na swali lako. Asubuhi nikamwandikia yule dada Insta. Sikutegemea ajibu. Jana alikuja mpaka kwetu, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani. Hakuwa anajua. Alikuwa ameambiwa sauti "itasafishwa". Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi wamenitoa."

Tulikaa hadi magharibi. Alitaka nimwonyeshe ile kwikwi kabla ya "mama". Nikamwambia usiililie kifuani, imeze kama mate. Alijaribu mara nyingi, ya saba au ya nane ikatoka, si kama yangu, ya kwake, kavu zaidi. Alikuwa ananitazama mdomoni muda wote, upande wenye kovu, kwa sababu ndiko pumzi inakotokea, na kwa mara ya kwanza sikugeuza uso.

Nimemwambia mwongozaji ninakubali kwa maandishi na kwa jina langu, au sikubali. Amesema atafikiria. Laki nane huenda imekwenda, na kodi ya miezi mitatu tunadaiwa, sijui nitamwambiaje mama.

Jumapili ninakuja Kinondoni.