Naomba ushauri: kasiksi yangu inageuka siki siku ya tatu

Wandugu na mama zangu mnaojua kutengeneza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, naomba munisaidie. Niko Bukavu, Kadutu. Dada yangu ataleta wakwe mwezi ujao, na sitaki kuwapa wageni bia ya duka wakati bibi yetu alitulea kwa kasiksi.

Nimejaribu mara mbili. Ndizi naziivisha vizuri, nazikamua kwa majani, nachuja. Lita 12 za maji ya ndizi, lita 4 za maji niliyochemsha yakapoa, kisha kilo moja ya mtama uliokaangwa na kusagwa. Siku ya kwanza povu linapanda, harufu ni tamu kabisa. Siku ya pili inakuwa kali kidogo, ndiyo ile ninayoipenda. Asubuhi ya siku ya tatu: siki! Yote nimeimwaga, na iliniuma sana.

Nafunika bidoni (dumu la plastiki) kwa kitambaa tu, maana mara ya kwanza niliifunga kabisa ikavimba nikaogopa itapasuka. Najua hewa ndiyo inayogeuza pombe kuwa siki, lakini gesi nayo lazima itoke. Ninyi munafanyaje? Majani ya migomba yanatosha?

Tena, bidoni hiyo ilikuwa ya mawese. Niliiosha kwa maji moto na sabuni, ila harufu haijaisha. Je, niitupe ninunue mpya?

Na mtama mnaukaanga mpaka rangi gani? Wangu ulikuwa karibu mweusi.