Akiba ya dipositi ya nyumba ya kwanza: tupeane uzoefu

Mkazi wa Lanet: Jirani yangu ametia sahihi mkataba wa nyumba wiki hii, na furaha yake imenikumbusha miaka ambayo mimi na mume wangu tulitenga fedha kila mwisho wa mwezi. Kwetu kilichosaidia ni agizo la kudumu benki, kwa kuwa akiba ilikatwa kabla hatujaugusa mshahara. Nyinyi mliweka wapi, na ni nini kilichokaribia kuwavunja moyo?

Mwalimu, Kakamega: Mimi niliweka katika sacco, yaani chama cha akiba na mikopo. Wengi hawaelezwi kwamba akiba ile huwezi kuichukua ukiwa bado mwanachama. Unakopa kwa kuitegemea, mara nyingi hadi mara tatu yake, na wenzako wanakudhamini. Ukikopa dipositi huko, kisha benki ikakukopesha bei iliyobaki, mshahara mmoja unabeba madeni mawili, na sheria ya ajira hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Dipositi ikae katika akaunti ya muda maalumu.

Bodaboda, Nyamasaria: Mwalimu, kwa heshima, huo ni ushauri wa mwenye payslipi. Mimi benki haikunisikiliza hata kidogo, ila sacco yetu ilinipokea na shilingi mia zangu za kila jioni. Fedha ninazoweza kuzitoa wakati wowote huliwa na karo na matanga.

Mwalimu, Kakamega: Sijaidharau sacco, ndugu yangu. Ninasema mtu ajue atakavyozipata fedha zake siku ya mkataba.

Mama wa wawili, Njoro: Ya karo na matanga ni kweli tupu.

Muuguzi, Kisumu: Mniwie radhi, maelezo yangu ni marefu. Tuliweka akiba tangu kifungua mimba wetu alipokuwa chekechea, tukapata nyumba Mamboleo. Upekuzi katika ofisi ya ardhi ulionyesha jina la muuzaji peke yake, bila deni wala zuio. Dalali alitusukuma tumtumie muuzaji dipositi kwa simu ili apunguze bei. Wakili wetu alikataa katakata, akataka dipositi hiyo, asilimia 10 ya bei, ishikwe na wakili wa muuzaji mpaka uhamisho ukamilike. Kila tulipoonyeshwa nyumba ilikuwa saa za kazi, na tukaambiwa waliomo ni wapangaji. Siku tulipokwenda kupima madirisha ya mapazia, mlango ulifunguliwa na mama ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa mke wa muuzaji, akiishi humo na watoto wake, na hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa. Aliketi sakafuni akalia, nami nikalia naye, huku mume wangu amesimama na futi mkononi asijue la kusema. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila idhini ya wanandoa wote wawili, kwa hiyo mkataba ukavunjika. Barua za mawakili zilikuwa nyingi, lakini fedha zetu zilirudi, kwa sababu hazikuwa mfukoni mwa muuzaji.

Mkazi wa Lanet: Dada, mwili umenisisimka. Yule mama alibaki na nyumba yake?

Muuguzi, Kisumu: Alibaki.

Mjenzi, Bungoma: Ndiyo sababu ninasema nunueni ploti mjenge polepole.

Mama wa wawili, Njoro: Ploti nayo ikiwa ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na mke wa muuzaji huulizwa huko pia. Tusidanganyane kwamba ni njia ya mkato.

Karani, Nakuru: Wenzangu wa ofisini wanaamini kwamba makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu ni dipositi yao. Hayo ni tozo. Anayetaka nyumba hizo hujisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, na kuweka akiba yake kando ya tozo hiyo. Anayenunua kwa mtu binafsi akumbuke pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, maana nimeona watu wakifikisha dipositi kisha wakakwama hapo.

Bodaboda, Nyamasaria: Dada muuguzi, hatimaye mlipata nyumba?

Muuguzi, Kisumu: Tulipata, upande wa Riat. Safari hii mke wa muuzaji alitia sahihi idhini yake mbele ya wakili kabla hatujalipa chochote.