Krimu tatu, sebule moja: naomba macho yenu

MamaWawili_Kgb
Habari za jioni wadau. Nimekwama, na fundi anaanza Jumamosi.

Nyumba iko Kigamboni, ndani tumeshapiga skimu (ule umaliziaji laini wa ukuta), bado rangi tu. Nilienda dukani nikijua nataka krimu, basi. Muuzaji akanifungulia kadi yenye krimu kama arobaini, nikajiona nimeingia chumba cha mtihani. Nimechuja zikabaki tatu. Majina ya kwenye kadi hayanisaidii, kwa hiyo nimezipa ya jikoni: Tui, Karanga na Uji wa Ulezi. Tui ndiyo nyepesi kuliko zote. Karanga imeelemea manjano. Uji imekolea, na nikiikazia macho naona kaupinki kwa mbali.

Dukani Karanga ilinipendeza mno. Nikafika nayo sebuleni saa kumi jioni, imegeuka biriani. Usiku nikawasha taa, zote tatu zikawa za kijivu kijivu, kama maji ya kuoshea mchele. Mume wangu akasema, "Si zote krimu tu?" akaendelea na mpira wake.

Sebule ni mita 5 kwa 4.5, madirisha mawili makubwa yanatazama magharibi. Chini marumaru za kahawia, milango ya mninga. Chumba cha wageni kina dirisha moja tu, linatazamana na bati jekundu la jirani. Nilitaka rangi moja nyumba nzima. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

ShemejiWaTabata
Mimi namuunga mkono shemeji. Zote krimu tu.

Rola_na_Brashi
Dada, pole. Hujachanganyikiwa, umeona sawasawa. Mimi ni fundi rangi, na hii kesi nakutana nayo kila nyumba.

Anza na taa kabla hujagusa rangi. Soma maandishi kwenye balbu zako. Kama ni 6500K, huo ni mwanga mweupe wa kibuluu, ndio unaokuulia krimu usiku. Tafuta za 3000K, zile watu wanaita za njano, uziweke sebuleni na vyumbani. Jikoni acha nyeupe, utahitaji kuona mawe kwenye mchele.

Halafu acha kuangalia kadi. Kadi ni ndogo kama tiketi ya daladala, ukuta ni mkubwa, na kuta nne zinarudishiana rangi zenyewe kwa zenyewe. Krimu uliyoipenda kwenye kadi, ukutani itakolea zaidi. Nunua kopo dogo la kila moja. Fundi dari hajakosa kukuachia vipande vya jipsamu. Paka mikono miwili, yaani mara mbili, kwenye kipande cha kama sentimita 60 kwa 60. Usitumie boksi tupu bila kulipaka praima nyeupe, ule ukahawia wake utakudanganya. Usihukumu rangi ikiwa mbichi, maana rangi ya maji mara nyingi hukolea kidogo ikishakauka.

Kisimamishe kipande wima, usikilaze sakafuni. Kiweke kando ya mlango wa mninga, kisha ukutani mkabala na dirisha. Kiangalie saa mbili asubuhi, saa kumi jioni na usiku taa zikiwaka. Ukitaka kujua rangi imeficha nini, weka karatasi nyeupe pembeni yake. Upinki au ukijani utajitokeza wenyewe.

Dirisha la magharibi jioni linaongeza unjano bure. Kwa nini uulipie tena kwenye ndoo?

BiMkubwa_Tanga
Mwanangu, usiidharau hiyo habari ya bati jekundu. Mimi nilipaka chumba krimu nzuri kabisa, nje kuna ukuta wa matofali ya kuchoma. Jua likipiga ule ukuta, chumba kizima kinaona haya. Miaka minne wageni wananiuliza kama nina mjukuu mchanga.

Rola_na_Brashi
😂 Bi Mkubwa umemaliza. Nyongeza moja: pima kabla ya kununua. Sebule yako kuta zake ni kama mita 19 kuzunguka, zikiwa na urefu wa mita 3, ukitoa madirisha na milango unabaki na kama mita 48 za mraba. Kwenye skimu laini lita moja hupaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni kama lita 10. Nunua ya nyumba nzima siku moja. Kama wanachanganya kwa mashine, mwambie fundi amimine ndoo zote kwenye pipa moja akoroge pamoja. Ndoo ikiisha katikati ya ukuta, ya pili ikatofautiana hata kidogo, ule mshono utauona kila unapokaa kunywa chai.

MamaWawili_Kgb
Mrejesho. Fundi nimemsogeza hadi Jumatano, kanuna, lakini yatapita.

Balbu zilikuwa 6500K zote. Nimebadilisha nne za sebuleni, na usiku ule ule vipande vikaacha kufanana. Uji nimeitoa ya kwanza: mbele ya mlango wa mninga ilipendeza, nikaipeleka chumba cha wageni saa nne asubuhi, bati likiwaka jua, ikawa pinki ya keki ya kipaimara. Bi Mkubwa, nilikukumbuka.

Karanga niliing'ang'ania siku mbili, nikiihamisha kila ukuta kama mtu anayetafuta mtandao. Asubuhi nzuri. Saa kumi, biriani ile ile.

Tui ndiyo niliyokuwa naidharau, niliiona kama ya ofisini. Lakini saa kumi jua lilipoingia, ikawa ile Karanga niliyoipenda dukani. Ile ile kabisa! Na chumba cha wageni inapata wekundu kidogo tu, wa kuvumilika. Nimechukua Tui nyumba nzima, dari nyeupe.

Ndoo zimeshushwa leo. Mume wangu kafungua moja, kachungulia, anauliza kwa nini siku zote hizi nilikuwa nazungumzia krimu halafu nimenunua nyeupe.