Naombeni ushauri: kupiga picha wanyama Saanane na Serengeti kupitia geti la Ndabaka

Bint Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Mwisho wa Juni tunatoka hapa Mwanza watu watatu: siku moja kisiwa cha Saanane, siku mbili Serengeti kwa kuingilia Ndabaka. Gari ni Land Cruiser ya kukodi, ile ya paa la kuinuka. Kamera ni Canon 250D, na lenzi ninazo mbili, 18-55 iliyokuja nayo na 55-250 IS STM (namba ni milimita, kubwa ndiyo inayovuta karibu zaidi). Je, hiyo 250 inatosha au nikodi kubwa zaidi? Kamera niiseti vipi ili picha zisitoke na ukungu ukungu? Tripodi nibebe? Na vumbi la kule nalizuiaje? Naomba majibu ya kiufundi, siyo "uza hiyo ununue nyingine".

Ngosha wa Magu
Dada, 250 inatosha ukijua inafika wapi. Senso ya 250D, kile kipande kinachopokea mwanga, ina upana wa kama milimita 22.3. Ukivuta hadi 250, mnyama aliye mita 20 unampata kwenye fremu yenye upana wa mita 1.8. Kwa mita 50 upana huo ni mita 4.5, na kwa mita 100 ni karibu mita 9. Kwa hiyo swala pala wa mita 20 anajaza picha, na tembo wa mita 50 vilevile. Simba wa mita 100 anachukua chini ya robo ya upana. Hiyo ni picha ya nyika ambayo ndani yake kuna simba. Ipige hivyo hivyo, weka mti na anga, usimkate baadaye mpaka abaki vipunje. Lenzi za 150-600 zina uzito wa karibu kilo 2, na mtu asiyeizoea hutumia siku nzima kumtafuta mnyama ndani ya kioo. Mimi nisingekodi.

Mpangilio: weka Tv (wewe unachagua kasi ya shata, mengine kamera inapanga), ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe ya yenyewe lakini iwekee kikomo cha 3200, na 6400 alfajiri tu. Kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde kwa mnyama anayetembea, 1/1000 kwa anayekimbia, 1/2000 kwa ndege anayeruka. Fokasi iwe AI Servo (inaendelea kumfuata mnyama akisogea), nukta moja tu, ile ya katikati, na uiweke kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague nukta yenyewe itashika jani lililo mbele ya mnyama. Picha nyingi zinazolaumiwa kwa ukungu ni nyasi zilizotoka kali na simba aliyefifia nyuma yake.

Halafu ingia menyu ya C.Fn (mipangilio maalumu ya kamera), hamisha kazi ya kushika fokasi kutoka kitufe cha shata kwenda kitufe chenye nyota. Mnyama akisimama unaachia nyota na fokasi inabaki pale pale. Akianza kutembea unaibana tena. Fanyia mazoezi kwa kunguru wa mtaani wiki nzima kabla ya safari, kidole kizoee.

Dereva Lamadi
Niongezee mambo ya gari, maana hapo ndipo wengi hupoteza picha.

Kwanza, dereva azime injini. Injini ya dizeli ikiunguruma inatetemesha bodi nzima, na kwa lenzi ya 250 mtetemo huo unaonekana. Zima, subiri sekunde mbili tatu, waambie wenzako wasihame viti, ndipo upige.

Pili, tripodi iache nyumbani. Ndani ya gari haina pa kusimama, na kushuka hairuhusiwi isipokuwa sehemu zilizotengwa. Chukua mguu wa jinzi chakavu, shona upande mmoja, jaza mchele au maharage kilo 2, shona upande wa pili. Usijaze pomoni, acha ulegee ili lenzi izame. Uweke juu ya mlango kioo kikiwa kimeshushwa chote. Na kamwe usipigie kupitia kioo, hata kiwe kisafi.

Tatu, lile paa la kuinuka linakudanganya. Ukipigia juu unamwangalia mnyama utosini na nyuma yake unapata majani matupu. Pigia dirishani, uso kwa uso. Paa litumie nyasi zikiwa ndefu au kundi likiwa kubwa.

Nne, jua. Barabara kuu kutoka Ndabaka kwenda Kirawira, ndani ya hifadhi, inaelekea mashariki. Asubuhi mnaendesha mkiwa na jua usoni, jioni mkirudi magharibi mnalo tena usoni. Kila mnyama wa mbele yenu ni kivuli cheusi. Mwambieni dereva ampite mnyama taratibu, asimame mbele kidogo, nanyi mgeuke kupiga kwa nyuma jua likiwa mgongoni. Njia za pembeni zinazokata kaskazini na kusini, kuelekea mito ya Grumeti na Mbalageti, hazina shida hiyo.

Mwisho wa Juni jua huchomoza kama saa 1 kasoro dakika 10, na huzama muda huo huo jioni. Geti linafunguliwa saa 12, kwa hiyo mwanga mzuri mnaukuta ndani. Ila kutoka Mwanza mjini hadi Ndabaka ni kama kilomita 140, mkiondoka alfajiri mmeshachelewa. Laleni Lamadi, ni jirani kabisa na geti. Saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ardhi inatoa mvuke wa joto, na picha ya mnyama wa mita 150 itayeyuka hata uwe na lenzi ya milioni ngapi. Muda huo kaeni kwenye miti ya mtoni muwatafute mbega. Wako karibu na wako kivulini.

Mama Lenzi
Ngosha umeeleza vizuri, ila hapo kwa 1/500 sikubaliani nawe. Mnyama amelala au amesimama, mfuko wa maharage upo, injini imezimwa na IS (kituliza mtikisiko cha lenzi) imewashwa: 1/200 inatosha. Saa 1 asubuhi tofauti hiyo inaishusha ISO kutoka 3200 hadi karibu 1280, na manyoya yanaonekana. Apige chache kwa 1/200, kisha apandishe kwa usalama.

Sasa Saanane, naona mmeiruka. Hifadhi ni kilomita za mraba 2.18 tu, boti kutoka Capri Point ni dakika chache, na mnatembea kwa miguu na askari. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, tumbili, swala pala, na yule mjusi wa mawe ambaye kisayansi amepewa jina la mji wetu, Agama mwanzae: dume ana kichwa na mabega ya waridi, mwili wa bluu. Huyo ndiye wa kumpigia magoti. 55-250 inashika fokasi kuanzia sentimita 85, kwa hiyo mjusi wa mita moja na nusu anatosha kabisa. Mwendee kwa hatua fupi, kivuli chako kisimguse. Kikimfikia tu anaingia kwenye ufa.

Mawe ya Mwanza yanang'aa sana jua likipanda. Kamera inaona mwanga mwingi, inatia giza, na mjusi anatoka mweusi. Bana kitufe cha Av± na uzungushe hadi +2/3, picha iwe ang'avu zaidi. Kwa yangeyange mweupe mbele ya maji yenye kivuli fanya kinyume, -1, la sivyo manyoya yanaungua, yaani yanatoka meupe matupu, na hayarudi. Tai mla samaki ana kichwa cheupe na mwili wa giza: -2/3, na vivuli utavifungua baadaye kama umehifadhi kwa RAW (faili ghafi).

Kwenye boti tripodi ni hatari tupu, inabeba mtikisiko wa mashine moja kwa moja. Kaa, viwiko vibane mbavuni, 1/1600 na kuendelea. Jua kali likiwepo, f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) na ISO 400 vinakubali kasi hiyo. Nendeni asubuhi, mchana upepo wa ziwa unainuka na matone ya chumvi hakuna, lakini ya maji yapo. Mfuko wa nailoni wenye tundu la lenzi na raba moja unatosha.

Bint Nyakato
Ahsanteni sana. Mama Lenzi, je, wale mabaharia wanaorusha samaki ili tai ashuke, ni sawa? Na vumbi bado sijajibiwa.

Mama Lenzi
Ndani ya hifadhi kulisha wanyama ni marufuku, usiwaombe. Nje ya hifadhi pia mimi nasema hapana: tai anazoea boti, na boti nyingine zina nyavu. Kaa karibu na mti anaosimama. Tai akiinama mbele na kujisaidia, mara nyingi anakaribia kuruka. Anza kupiga hapo, vipande vya picha 3 au 4, usishikilie kidole. RAW inajaza bafa (kumbukumbu ya muda) ya 250D upesi na kamera itasita wakati tai anagusa maji.

Dereva Lamadi
Vumbi: usibadilishe lenzi ndani ya hifadhi. Weka 55-250 na usiitoe. Picha za mandhari piga kwa simu. Gari likitembea, kamera iwe mapajani imefunikwa kanga, siyo sakafuni. Vumbi la kioo lipulize kwa kile kipira cha mpira, usipulize kwa mdomo, mate yanalishika. Ukifuta kwanza kabla ya kupuliza, unakwangua kioo kwa mchanga.

Kiyoyozi kizimwe nusu saa kabla ya kuanza kupiga. Lenzi baridi ikikutana na hewa ya ziwa inashika ukungu kama kioo cha bafuni, tena wakati mwingine ndani.

Nguo zisiwe bluu wala nyeusi, mbung'o wa maeneo ya Kirawira wanazifuata. Malipo ya hifadhi hayafanyiki kwa pesa taslimu, na mbebe vitambulisho vya NIDA ili mlipe kama raia. Droni acheni nyumbani, bila kibali haipiti.

Ngosha wa Magu
Mama Lenzi, hiyo 1/200 naikubali kwa aliyelala. Kwa aliyesimama hapana, masikio hayatulii.

Betri chukua mbili na chaja ya gari. Kadi mbili za GB 64 ni bora kuliko moja ya 128. Nyumbu mwisho wa Juni huwa upande huo wa magharibi, lakini wanafuata mvua, hawafuati kalenda. Muulize askari getini kundi liko wapi kabla hamjapanga njia. Na mkibahatika kuona faru, zima huduma ya mahali (location) kwenye simu kabla ya kuposti, majangili wasijue alipo.