Fundi mnayemjua nyote ameniambia kompyuta yangu "imekataa"

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na simtaji jina kwa sababu hakuna haja: kila mwenye kompyuta ya mezani iliyofikia umri wa kuandikishwa shule ameshapita mikononi mwake, na kama yupo aliyetoka salama ajitokeze tumpongeze.

Ombi langu lilikuwa dogo. Kompyuta yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka, na tangu nibonyeze kitufe cha kuwashia hadi Windows ifunguke, mtu anaweza kuchumbia, kuoa na kumsomesha mtoto wa kwanza. Nilitaka diski hiyo iipishe SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na RAM ifike GB 8, basi. Ubao mama wangu, ule mkuu unaobeba vipande vyote, unatumia RAM ya aina ya DDR3, jambo ambalo niliandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, nikaibandika ubavuni mwa kasha, juu ya skrubu zenyewe, ili asiweze kulifungua bila kuisoma.

Hakuisoma. Aliibandua, akaikunja, akaifutia vumbi la feni.

Kisha akatoa kipande cha RAM cha DDR4, aina iliyoifuata DDR3. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240 na DDR4 ina 288. Mkato ulio kwenye ukingo wa pini haukai mahali pamoja, na watengenezaji waliuhamisha kwa makusudi ili asitokee mtu wa kuzichanganya, maana hata umeme zinaotumia si mmoja, volti 1.5 kwa 1.2. Walidhani binadamu akiona kitu hakiingii ataacha. Hawakuwa wamekutana na fundi wetu. Alikigeuza huku, akakigeuza kule, akakipuliza, kisha akakiwekea vidole gumba vyote viwili na kukibonyeza kama mtu anayefunga sanduku la nguo lililojaa kupita kiasi, hadi ubao mama ukapinda katikati na kutoa mlio nitakaousikia hadi siku ya kiama. Nikamwambia, "Fundi, hiyo ni DDR4, tafadhali acha." Hakunitazama. Aliitazama kompyuta kwa huruma, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, imekataa."

Imekataa! Yaani kompyuta ndiyo yenye kosa, yeye na vidole gumba vyake hawamo. Mimi nimesimama pale, karatasi yangu iko sakafuni imejaa vumbi na maandishi "DDR3" bado yanasomeka, halafu naambiwa imekataa. Akaongeza kwamba dawa ya mashine za namna hii ni kununua mpya, na kwa bahati njema yeye anayo moja ya kuniuzia. Nimeirudisha nyumbani, namshukuru Mungu inawaka, lakini kila nikifumba macho naviona vile vidole gumba. Aliyewahi kufanyiwa hivi aseme.

Nyundo Butu: Pole sana, mleta uzi, ila naomba kuuliza kwa heshima zote: uliwezaje kusimama ukitazama hadi ubao ukapinda? Kubadilisha RAM hakuhitaji fundi. Unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, unafungua vibano vya pembeni, kipande cha zamani kinanyanyuka, unaulinganisha mkato wa kile kipya na kinundu kilicho kwenye sloti, na unabonyeza hadi vibano vijifunge. Mwanangu anaweza, na mwanangu yuko chekechea.

Bibi Kibodi: Nimemtambua kwa neno "imekataa" tu. Yangu mimi haikukataa, ilikubali, na ndiyo shida. Nilimpelekea SSD mpya, akaifunga kwa skrubu zote, nikarudi nyumbani nikiimba, kumbe Windows ameiacha kwenye diski ileile ya zamani na SSD ameigeuza ghala la picha za harusi. Sasa kompyuta inawaka kwa uvivu uleule wa siku zote, ila bibi harusi anatokea kabla sijamaliza kubofya. Nilipomlalamikia alinijibu kwamba SSD bado ngeni, itazoea.

Tarakimu: Afadhali yako. Mimi aliniwekea GB 8 kisha akapiga Windows ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, kwa hiyo nusu ya RAM yangu inakaa ndani ya kasha bila kazi yoyote. Nilimwonyesha ukurasa unaosema kwamba zinazotumika ni GB 3 na ushei. Akanishauri niache tabia ya kuufungua ukurasa huo.

Mleta uzi: Nashukuru kwa michango, lakini naomba tusitoke nje ya mada. Ubao mama ulipinda, niliusikia kwa masikio yangu, halafu mtu mzima akasema imekataa.

Nyundo Butu: Tumekusikia, Mama Vidole Gumba.

Kivuli cha Feni: Ninyi mnalilia RAM, wenzenu tunalilia Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel inaanzia hasa kizazi cha 8. Yangu ni ya kizazi cha 3, ina SSD, ina GB 16, inafunguka kabla sijavuta kiti, na bado naambiwa haistahili. Mwenye haki ya kulia humu ni mimi.

Bibi Kibodi: Mimi fundi huyohuyo aliniagiza niwe napanga upya faili za SSD kila juma ili iongeze kasi.

Tarakimu: Usithubutu, dada. Kupanga upya kulizisaidia diski za kuzunguka kwa sababu kichwa cha kusomea kilikuwa kikihangaika kutafuta vipande vya faili vilivyotawanyika. SSD haina kichwa cha kuhangaika, kwa hiyo unaichakaza kwa kuiandikia bure. Iachie Windows, itaitunza yenyewe kwa amri ya TRIM, inayoiambia SSD data ipi haitakiwi tena.

Nyundo Butu: Mimi nafanya hivyo kila juma na yangu iko hai.

Tarakimu: Basi hongera yako, mkuu.

Kivuli cha Feni: Kabla hamjapigana, kuna anayejua kwa nini kila nikichomoa waya wa umeme saa ya kompyuta inarudi mwaka 2012? Kivinjari kinagoma kufungua tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika.

Tarakimu: Betri imekwisha, ile ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3. Zima kompyuta, chomoa waya, sukuma kibano, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu, kisha ingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, urekebishe tarehe.

Kivuli cha Feni: Betri? Mimi fundi aliniambia tatizo ni intaneti, akanibadilishia waya wa mtandao, na ule wa zamani akaondoka nao.