Usajili wa aina umefutwa usiku mmoja: ninalalamikia uendeshaji wa maktaba yetu ya rifleksheni ya C++

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na ninaandika nikiwa na hasira. Mnisamehe ukali wa maneno, ila naomba msome mpaka mwisho.

Tuko watu watano tunaojenga maktaba ya rifleksheni ya lugha ya programu ya C++, yaani chombo kinachoiwezesha programu kujua, ikiwa inaendeshwa, kwamba klasi fulani (umbo la data analolitunga mwandishi wa programu) ina nyuga zipi, yaani sehemu zipi za data, ili data ihifadhiwe na kusomwa bila kuandika msimbo uleule kwa kila klasi. Rifleksheni iliyopitishwa na kamati ya kiwango cha C++ mwaka 2025 kwa ajili ya toleo la C++26 hufanya kazi wakati wa kukompaili tu, yaani msimbo unapogeuzwa kuwa programu, na typeid, amri ya kuulizia aina ya data tuliyo nayo tangu toleo la C++98, haijui uga hata mmoja. Ndiyo maana tulikubaliana, tena kwa maandishi, kwamba kila klasi isajiliwe waziwazi kwa jina lililochaguliwa na aliyeiandika. Kazi ya usajili nilipewa mimi. Nimeifanya miezi minne, mara nyingi usiku wa manane, kwa kuwa mtaani kwetu umeme hurudi watu wakiwa wamelala.

Jumanne iliyopita wenzangu wawili walifanya mkutano wa sauti saa ambayo huku kwetu umeme ulikuwa umekatika. Wakaona usajili wangu ni mrefu mno, wakaufuta, wakaweka matokeo ya typeid(T).name() yawe kitambulisho cha kila aina ya data, na kabla hakujapambazuka walikuwa wameshaunganisha kwenye tawi kuu la msimbo wetu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba sikupinga. Ningepingaje jambo ambalo sikulisikia?

Tazameni lilichozaa. Nina klasi iitwayo Malipo. Kwa kompaila iitwayo GCC jina lake hutoka "6Malipo". Kwa kompaila ya Microsoft hutoka "class Malipo". Faili niliyoihifadhi kwenye Linux yangu niliipeleka Ruashi kwa rafiki anayetunza hesabu za duka kwenye mashine ya Windows, ikafunguka tupu mbele yake: hakuna onyo, hakuna hitilafu, malipo yote yamerukwa kwa sababu aina yake haikutambulika. Aliniangalia kana kwamba nimemfutia daftari. Wala hili si kosa la GCC au la Microsoft, kwani kiwango cha C++ kinamwachia kila mtengeneza kompaila aamue jina hilo, na hakihakikishi hata kwamba aina mbili tofauti hazitapewa jina moja. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wetu wa usanifu, ambao wote watano tuliukubali.

Wameondoa pia wito wa wazi wa kusajili, wakategemea vigeu vya jumla vinavyojisajili kabla ya main, yaani pale kazi ya programu inapoanzia. Maktaba tuli (ile inayoingizwa ndani ya programu yenyewe) ikiunganishwa na programu, linka, chombo kinachofanya muunganisho huo, huacha nje faili ya objekti (kipande cha msimbo uliokwisha kukompailiwa) isiyotajwa na yeyote, na usajili uliomo hupotea nayo kimyakimya. Nimepoteza siku mbili, na mega za intaneti nilizozinunua kwa fedha yangu, nikilitafuta kosa ambalo halikuwa langu.

Sipingi msimbo wangu kubadilishwa. Umeshabadilishwa mara nyingi, na mara nyingine kwa haki kabisa. Ninachokataa ni kazi ya mtu kufutwa pasipo hata ujumbe mmoja wa maandishi, kisha ukimya wa mtu aliyekaa gizani uhesabiwe kuwa ridhaa. Nataka badiliko hilo lirudishwe nyuma wiki hii, maombi ya kuunganisha yanayogusa usajili yakae wazi kwa saa 72 ili kila mmoja apate kuyasoma, na jambo lolote lisiloandikwa lisihesabiwe kuwa uamuzi. Vilevile tawi kuu lisipokee kitu mpaka faili iliyoandikwa kwa GCC isomwe na programu iliyokompailiwa kwa kompaila ya Microsoft. Jaribio hilo nimeshaliandika kwa kutumia klasi ya Malipo. Liko kwenye tawi langu, na hadi ninapoandika haya linashindwa.